Fundi wa Injini Isiyo na Rejeta

Watu wa mtaani kwetu wakimtaja Fundi huanza na mikono yake. Watakwambia mikono ile ilikuwa na macho, kwamba angeweza kuifungua injini gizani na kuifunga tena bila kubakiza hata nati moja. Ni kweli, sitawabishia. Lakini mimi nikimkumbuka huanza na mdomo, kwa sababu mdomo wake ndio uliomharibia kaka yangu jina, na kaka yangu mpaka leo hajarudishiwa. Kwa hiyo anayetaka sifa tupu za Fundi akaulize nyumba ya jirani. Kwangu atapewa sifa pamoja na uchungu wake.

Nilimjua kwa sababu ya vitumbua. Gereji yake ilikuwa ua wa nyuma wa duka la Tajiri, pale Bagamoyo mjini, na mimi jiko langu lilikuwa mlangoni mwa ua huo huo, nauza uji na vitumbua tangu alfajiri. Ilikuwa miaka ya themanini, miaka ya foleni, sabuni kwa kujuana na sukari kwa bahati. Kuna siku nilikaanga vitumbua bila sukari kabisa na watu wakavila, wala hakuna aliyenuna. Magari yalikuwa machache, spea hakuna, na mtu aliyeweza kulirudishia uhai gari lililokufa alikuwa mtu mkubwa. Fundi alijua kuwa yeye ni mkubwa. Hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Ukimsifu alikusahihisha, akakwambia umepunguza.

Utaalamu wake hasa ulikuwa yale magari madogo ya mgongo wa kobe, injini nyuma, yasiyo na rejeta wala kutiwa maji. Injini inapozwa na upepo tu, feni inapuliza, basi. Mafundi wengine waliyaona ya kitoto. Yeye aliyapenda kupita kiasi na kuyaogopa vilevile. Alisema gari la maji lina huruma, likipata joto litachemka, utaona mvuke, utasimama. Hili la upepo halikuambii kitu. Linaungua kimya kimya na wewe unaendelea kupiga soga na abiria wako.

Ukimkuta ana moyo mzuri, asubuhi, bakuli la uji mkononi, alikufundisha hata kama hujamuuliza. Mimi alinifundisha nikiwa napindua vitumbua. Aliitoa mfukoni valvu kuukuu ya ekzosi, kitu kama uyoga wa chuma, shina refu na kichwa bapa, akaniwekea mbele ya macho. Moto wote unaotoka kwenye silinda, alisema, unapita hapa shingoni, chini ya kichwa. Chuma kinaiva mpaka kinakuwa chekundu. Sasa joto hilo litoke wapi? Kidogo linateremka na shina. Lililobaki lote linatokea pembeni, kwenye ukingo wa kichwa, pale valvu inapokaa kwenye kiti chake. Ikikaa, inakiachia kiti joto lake, kiti kinalipitisha kwenye silinda hedi, hedi ina mbavu nje, na upepo wa feni unapita kwenye mbavu na kuliondoa. Ikinyanyuka, inabeba moto mwingine. Nilimwelewa mara moja, maana ndivyo tunavyobeba sufuria la moto lisilo na kishikio: unakwenda hatua chache, unalitua, unapoza vidole, unalibeba tena. Anayekunyima pa kulitua anataka uungue.

Ndiyo sababu ya ile nafasi nyembamba aliyoiacha kwenye tapeti, kile chuma kinachoisukuma valvu, wembamba wa karatasi tu. Chuma kikipata moto kinarefuka. Usipokiachia nafasi, valvu haikai sawasawa kwenye kiti, moto unapenya ukingoni na kuutafuna, na joto halina njia tena. Mwisho kichwa kinakatika na kuiangukia pistoni. Aliniambia pia kuwa silinda ya tatu ndiyo mgonjwa wa nyumba, kwa sababu kile kisanduku cha kupozea oili kimeizibia upepo. Hiyo aliiachia nafasi kubwa kuliko wenzake, na hakuna kitabu kilichomwambia afanye hivyo, au ndivyo alivyodai.

Basi magari aliyoyaseti Fundi yaligonga. Siyo sana, yalisikika kama cherehani inayoshona chumba cha pili. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu watu wa kwetu hawapendi gari linalogonga. Kwetu mtu wa heshima anatembea taratibu, anasalimia taratibu, na gari lake nalo lifike mlangoni bila kelele. Gari linalogonga mbele ya wageni ni aibu, ni kama kula na kulamba vidole kwa sauti. Mafundi wengine walilijua hilo, walizikaza tapeti mpaka gari likanyamaza, mwenye gari akaondoka amefurahi. Fundi aliwatukana wote wawili, fundi na mwenye gari. "Wataka gari au wataka paka?" aliwauliza watu wazima wenye vilemba vyao.

Alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kama swala. Tapeti haziguswi mpaka injini ilale usiku kucha ipoe kabisa. Akitoka msikitini alfajiri alikuja moja kwa moja uani, anaigusa injini kwa mgongo wa kiganja, vile tunavyomgusa mtoto paji la uso, na kama kuna uvuguvugu hata kidogo alikuja kwangu kunywa uji kwanza. Siku moja alikuja mkubwa mmoja wa wilaya, ana haraka, gari lake limetoka safari. Akaambiwa alilete kesho. Akasema yeye ni nani na nani. Fundi akamjibu kuwa injini haijui. Yule mkubwa alilala Bagamoyo siku ile, na asubuhi alikunywa uji wangu kama wengine.

Haya, sifa nyingine nisizifiche. Pampu ya maji ya msikiti aliitengeneza miaka yote bila kutaka kitu. Paka wote wa mtaa walikuwa wake. Mama yangu alipougua macho, Fundi ndiye aliyemtafutia gari la kumpeleka hospitali Dar, na alimfunga mlango wa gari mwenyewe kwa adabu kama vile anamsindikiza bibi harusi. Kila akija kula alinawa mikono kwa majivu na ndimu, anasugua mpaka kucha, kisha ndipo anashika kitumbua. Mama alimpenda. Mimi pia nilimpenda, nisiseme uongo.

Ila neno "nimekosea" sikulisikia kinywani mwake hata siku moja. Bolti ikikatika mkononi, bolti mbaya. Chai ikimwagika, kikombe hakina kitako. Akikosea jina lako, alikulaumu kwa kulibadilisha. Tulimcheka, tukamtania, naye alicheka pamoja nasi, na tukaliona ni jambo la mchezo. Jamani, tulicheka sana.

Na kuna mtu mmoja tu aliyeweza kumpunguza Fundi, naye ni Tajiri. Tajiri alikuwa wa zile familia za Kiarabu za asili ya Omani, za siku nyingi hapa, wenye maduka ya nguo na nafaka. Sina ugomvi naye. Ua ulikuwa wake, Fundi alikaa pale kwa hisani, na gereji nyingine yenye paa na saruji chini haikuwapo mjini kwa mtu kama yeye. Akiingia Tajiri uani, sauti ya Fundi ilishuka na mgongo ukapinda. Yule aliyewauliza watu kama wanataka paka alikuwa anasema "naam, Tajiri," "hewala, Tajiri," mpaka mimi niliyekuwa nje nikaona haya kwa niaba yake.

Gari la Tajiri lilikuwa la mgongo wa kobe, rangi ya maziwa, na dereva wake alikuwa kaka yangu Mwinshehe. Hebu nimweleze na yeye kidogo. Mwinshehe hakuwa na elimu kubwa wala shamba. Alikuwa na usukani. Siku zile dereva wa gari la mtu alikuwa mtu anayesalimiwa kutoka ng'ambo ya barabara. Hakula ndani ya gari lile, hakuvaa viatu vyenye mchanga ndani yake, na akiendesha alifungua kioo ili aisikie injini, kwa kuwa Fundi alimwambia dereva wa gari la upepo anaendesha kwa masikio. Alimheshimu Fundi kama baba. Alikuwa na mchumba kijijini Zinga, posa imeshapokewa, na mama alikuwa ameanza kuweka akiba ya mchele.

Tajiri akamwoza binti yake. Wageni wanakuja kutoka Unguja na kutoka Dar, na gari ndilo litakalobeba wazee wa upande wa bwana harusi. Siku chache kabla, Tajiri aliingia uani alasiri, gari limerudi kutoka Dar wakati ule ule, linanuka oili ya moto, na mimi naosha kikaango changu mlangoni. Akamwambia Fundi kuwa kugonga kule kunamfedhehesha, na wageni wakifika hataki kukusikia. Nikainua macho kumtazama Fundi, nikisubiri aseme lije kesho, nikisubiri habari ya paka.

Fundi alichukua kitambaa asiungue, akafungua vifuniko vya tapeti.

Mwinshehe alikuwa amesimama pembeni na ufunguo. Alisema kwa adabu, kama anauliza njia, "Fundi, si ulisema mpaka lilale?"

"Kazi yako usukani," Fundi akamjibu bila kugeuka.

Akazikaza, moja baada ya nyingine, ile ya silinda ya tatu pia, mpaka ile nafasi aliyonihubiria miaka yote ikaisha. Akaliwasha. Wallahi lilinyamaza vizuri, ungedhani halijawashwa. Tajiri akatabasamu, akampa Fundi mkono mbele ya watu, na Fundi akaupokea kwa mikono miwili.

Halikuharibika siku ya harusi. Lingeharibika siku ile, hata mjinga angeunganisha mambo. Lilibeba wazee, likashusha wazee, likasifiwa. Liliharibika baadaye, wiki zimepita, na kabla yake Mwinshehe alikuja uani zaidi ya mara moja kusema gari limepungua nguvu, linakohoa kwenye ekzosi, linapanda mlima kwa shida. Fundi alimwambia petroli ya siku hizi imechanganywa. Hakulifungua. Naamini aliogopa atakachokikuta.

Walikuwa wanarudi kutoka Dar, Tajiri na wakwe zake wapya ndani. Walipofika Kerege injini ikapiga mshindo mmoja, ikazima. Wakwe walisimama juani kando ya barabara na kanzu zao, mpaka lilipopatikana lori la kulivuta. Gari liliingia Bagamoyo kwa kamba, mji mzima unaangalia, Mwinshehe kwenye usukani wa gari lililokufa, na uso wake siwezi kuueleza.

Siku ya kulifungua uani palijaa. Silinda hedi ya upande ule ilipotoka, tuliona sote: kichwa cha valvu kimekatika na kuzama ndani ya pistoni ya tatu, kama jiwe kwenye tope. Fundi akakichomoa kwa koleo. Ukingo wake ulikuwa umetafunwa upande mmoja. Alikigeuza mkononi, akakitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, na mimi niliyefundishwa na yeye mwenyewe nilijua anachokiona. Yeye pia alijua kuwa najua, kwa sababu alinyanyua macho, akanitazama, halafu akayatoa.

Tajiri akamuuliza ni nini kimefanya hivi.

"Dereva," Fundi akasema. "Amelikimbiza likiwa na joto. Gari la upepo halitaki fujo."

Sikunyamaza, wala nisingeweza. Nilisema kwa sauti, mbele ya Tajiri na wote waliokuwapo, kwamba valvu zilikazwa gari likiwa la moto, nimeona kwa macho yangu. Fundi akacheka, kile kicheko chake cha kutaniana, akasema moto ninaoujua mimi ni wa vitumbua. Uani pote pakacheka naye. Nilikuwa nimecheka nao mara nyingi mahali pale pale, kwa hiyo walidhani nami nitacheka.

Mwinshehe hakujitetea. Kila asubuhi alimwamkia mtu yule shikamoo, na hakujua namna ya kumwita mwongo. Alimwendea Tajiri, akampa ufunguo kwa mikono miwili, akapita mbele yangu, akatoka.

Sasa, katika mji mdogo dereva akiambiwa ameua injini, nani atampa nyingine? Alizunguka kwa wenye magari, wachache walivyokuwa, na wote walikuwa na udhuru. Wa Zinga wakasikia, wakatuma mtu kwa maneno mazuri kuirudisha posa. Mchele wa mama tukaula sisi wenyewe. Mwisho akaenda Chalinze, njia panda ya malori, akapata kazi ya kuosha malori na kuyalinda madereva wakilala. Huko yuko mpaka leo. Amezungukwa na usukani usiku na mchana, na hajashika tena hata mmoja, ingawa wapo walioutaka msaada wake. Anasema yeye si dereva.

Na Fundi? Fundi aliendelea. Gari la Tajiri lilipata valvu kutoka Dar, likasetiwa alfajiri, likagonga, na Tajiri akaambiwa mgongo wa kobe ndivyo ulivyo, akakubali. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumkazisha Fundi tapeti, awe nani. Alikuwa amejifunza. Ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba alijifunza. Vitumbua akawa anatuma mtu kuvinunua, haji mwenyewe, na mimi nilimuuzia, maana biashara ni biashara na watoto wanakula.

Mama alipofariki, Mwinshehe alikuja kuzika. Fundi alikuwapo, naye alibeba jeneza, yeye upande mmoja na kaka yangu upande wa pili. Nilisikia kutoka kwa wanaume kuwa walipeana mkono makaburini na kwamba Fundi alilia sana. Mwinshehe aliondoka siku ile ile.

Miaka ikaenda. Wanawe Fundi wakafungua gereji kubwa Dar, mji wetu ukajaa magari ya kila aina, yale ya mgongo wa kobe yakabaki kwenye picha. Nikasikia wanawe wanampeleka Makka kuhiji. Nilipata matumaini, nawaambia ukweli, kwa sababu kwetu anayekwenda hija hupita kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na Fundi alijua dini kuliko wengi wetu. Mungu anasamehe ya kwake, ya watu wanasamehe watu. Nikampigia simu kaka, nikamwambia Fundi anahiji, safari hii lazima atakuja kwako. Aliuliza tu ni lini.

Kwangu alikuja asubuhi, kanzu nyeupe, fimbo, mjukuu wake wa kike akamsubiri nje. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa kwenye mkeka, akasema maneno ya desturi, kwamba kama amenikosea kwa kujua au kwa kutojua nimsamehe, na yeye amenisamehe.

"Ya kwangu nimekusamehe," nikamwambia. "Ule mzaha wa vitumbua, nimekusamehe. Ya Mwinshehe siwezi kukupa, si yangu."

Akainamisha kichwa. Nilidhani ataondoka. Kisha akasema, sauti ya chini, ile aliyokuwa akimpa Tajiri: "Zile valvu nilizikaza mimi."

"Najua, Fundi. Kamwambie yeye."

"Mwambie wewe. Mwambie nimekiri."

"Mimi sikuzikaza."

Akaniuliza yuko wapi siku hizi, kana kwamba mji huu una mtu asiyejua. Nikamweleza: Chalinze, yanapolala malori, ukimtaja Mwinshehe mtoto yeyote atakupeleka, na basi linaondoka stendi kila asubuhi. Akapapasa magoti yake. Akasema miguu haimbebi tena, safari za basi haziwezi.

"Na Makka unakwenda kwa miguu ya nani?"

Hakukasirika. Alinyanyuka kwa kujisukuma na fimbo, mimi nikamshika mkono asianguke, tukafika mlangoni hivyo, nimemshika. Akasema Inshallah. Nami nikasema Inshallah.

Alipoondoka kwenda uwanja wa ndege magari yalimsindikiza kwa foleni, honi mji mzima. Nilisubiri siku chache kisha nikapanda basi mimi. Mwinshehe nilimkuta nyumbani, hakwenda kazini, na kumbe alikuwa haendi tangu nimpigie simu. Chumba kimefagiwa mpaka pembeni. Mkeka mpya umetandikwa, una alama za kukunjwa bado. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alitazama nyuma yangu, barabarani, kuona kama nimekuja na mtu.

"Ameshaondoka?" akaniuliza.

"Ameshaondoka."

Juu ya meza kulikuwa na soda moja, imefunikwa kitambaa inzi wasiiguse. Akaitoa kitambaa, akaifungua, akanipa mimi.